Mwanamke Aliyetushindilia Magobori

Msiniulize alizaliwa wapi wala baba yake nani. Mambo ya koo za watu siyajui, hata ukoo wangu mwenyewe nikiuhadithia huwa nachanganya mababu. Ninachojua ni kwamba bega langu hili la kulia, mnaloliona limekaa sawa na la kushoto, limekaa sawa kwa sababu ya yule mama. Wanaume wengi wa rika langu kule ng'ambo ya mto wanatembea wamepinda upande mmoja kama mgomba uliozidiwa na ndizi. Sisi wa kwetu tumenyooka.

Alikuwa Mkisi wa mwambao wa ziwa, mfinyanzi, amekuja na mtumbwi wa vyungu akauza, akauza, halafu asirudi. Hana mume, hana ndugu, hana hata kuku. Sisi tulimwita Mshindiliaji, na mbele yake tulimwita juba, maana kwa Kinyakyusa juba ni mama, na ukimwita vingine alikuwa anakutazama mpaka unakumbuka kosa lako.

Sasa mtaniuliza, mfinyanzi na kushindilia bunduki wapi na wapi? Ni mvua. Mvua ya Kyela mnaijua: inanyesha miezi kumi na miwili, siku zinazobaki ni manyunyu. Enzi hizo za Mjerumani, Boma lilikuwa limeturuhusu magobori machache ya kulinda mpunga, yakawa mikononi mwa Jumbe wetu, na Jumbe anayagawa kwa walinzi wa mashamba. Lakini baruti ilikuwa haikai. Uiweke kwenye pembe ya ng'ombe, inalowa. Uiweke kwenye kibuyu, inalowa. Jumbe alilala nayo kitandani chini ya mgongo wake, asubuhi akaamka mgongo mweusi na baruti imekuwa uji. Nguruwe walikuwa wakisikia tunakuja na magobori wanakaa chini kabisa kutusubiri, watucheke vizuri.

Huyu mama akaenda kwa Jumbe, akamwambia, "Tata," yaani baba, "nipe hiyo baruti niiweke kwenye chungu changu." Akaiweka kwenye chungu chembamba cha shingo nyembamba, akaziba mdomo kwa nta, akakitundika juu ya moshi, mbali na moto. Masika yote yakapita, baruti ikatoka kavu inachuruzika kama mtama. Jumbe akafurahi, akamgawia kipande cha migomba kando ya ziwa na mahali pa kujenga. Akamwambia, "Utunze baruti na utushindilie magobori. Siku ukiharibu kazi hii, unapanda mtumbwi wako unarudi kwenu." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Migomba ile ndiyo ilikuwa chakula chake na udongo wa pale ndio uliokuwa kazi yake. Akipoteza kazi ya gobori amepoteza vyote, na kila mtu alijua, hata mbuzi.

Kwa mwili alikuwa mdogo. Upepo wa mwera ukivuma alikuwa anashika mti. Lakini vidole vyake! Alikuwa akigonga chungu kwa kifundo cha kidole, ngo, anasikiliza kama mtu anayesalimiwa. Kikilia vibaya, hata kama mnunuzi ameshakipenda amekikumbatia, anakinyang'anya anakivunja palepale. Nilimwona anavunja chungu cha mke wa mwalimu wa misheni, mama wa watu analia, "Niachie, ufa wenyewe siuoni!" Yeye anajibu, "Wewe huuoni, maharage yako yatauona." Kwa chungu alikuwa hadanganyi mtu. Shikeni hilo, maana kwa bunduki alikuwa mwongo sijapata kuona, na Kyala, Mungu wetu, atamsamehe maana alitudanganya kwa faida yetu.

Niwaeleze gobori lilivyokuwa, ninyi mnaoliona ukutani tu. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unasokomeza makapi ya kuzibia, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo yake ya chuma, halafu unatia marisau, yaani vile vichembe vya risasi, unaziba tena. Ukimaliza, unauacha mdeki ndani, unapima kwa vidole kipande kilichobaki nje. Kama gobori ni tupu, mdeki unazama wote. Kadiri ulivyoshiba, ndivyo mdeki unavyotoka nje. Basi uanaume wa kwetu ulipimwa hapo. Mtu wa vidole vitatu alikuwa hapewi pombe mpaka watu wazima wamalize. Vidole vitano, unasalimiwa. Jumbe alikuwa mtu wa vidole vinane. Na gobori lake lenyewe lilikuwa refu, ukishika kitako uko Ipinda, mdomo wake unanusa ndizi za Makwale.

Gobori la vidole vinane vya kweli, ndugu zangu, halipigi nguruwe. Linampiga mwenye gobori. Kabla mama huyu hajaja tulikuwa na mtu aliyepigwa teke na bunduki yake mwezi wa kulima akatua mwezi wa kuvuna. Watu walikuwa wanafumba macho, wanageuza uso, wanavuta huku wanasali. Nguruwe wanafia uzee.

Yeye aliliona hilo siku ya kwanza. Hakusema. Akafinyanga vikombe vya kupimia baruti, kila mlinzi na chake, kwa nje vikubwa kama ngumi, tako lake nene kweli kweli, ndani panaingia baruti ya kujaza kifuniko cha kopo la tumbaku. Anamimina mbele ya macho yako, kikombe kizima! Halafu anashika maganda makavu ya mgomba aliyoyasugua mpaka yamekuwa laini kama manyoya ya kifaranga, anasokomeza, anasokomeza, anashindilia polepole asiyabonyeze sana. Marisau anatia kidogo, tena yale madogo. Anauchomeka mdeki. Unapima: vidole vinane! Mwanaume anatoka pale kifua mbele kama jogoo.

Walinzi wakaanza kupiga macho wazi. Teke likawa la mbuzi badala ya ng'ombe. Mtu akashangaa, "Mbona nimeshakuwa mwanaume namna hii?" Nguruwe wakaanza kuanguka.

Mlio ulikuwa mdogo, hilo kweli, na mara moja mzee mmoja alilalamika. Juba akamjibu, "Tata, mtu aliyeshiba anapiga kelele?"

"Hapana."

"Basi na gobori lako limeshiba."

Mzee akaenda akilitangaza hilo kila nyumba.

Na alikuwa na neno lake moja, alilisema kila akimkabidhi mtu gobori: "Sogea." Hakueleza zaidi. Ukimwambia nguruwe alikuwa mbali, anakuuliza, "Miguu uliiacha nyumbani?" Maana baruti ile ndogo ilikuwa haiendi mbali, ilitaka umfikie nguruwe mpaka umjue kwa sura. Sisi tukadhani anatufundisha ujasiri. Tukawa majasiri, ndiyo, kwa kudanganywa.

Wale ambao hawakuwa na uanaume wa kupimwa, hakuwadanganya. Kulikuwa na mjane, mtu wa mifupa mitupu, shamba lake limepakana na matete, na kila mwaka nguruwe walikuwa wanamvunia. Jumbe akakubali apewe gobori, watu wakacheka wakasema kesho tutamzika. Juba akamwambia waziwazi, "Mwanangu, nakuwekea vidole viwili, na kitakoni nakufungia kata." Ile kata ya majani ya mgomba tunayoiona kichwani mwa wanawake wakibeba vyungu, basi ndiyo hiyo, aliifunga kwenye kitako cha gobori ikae begani. Na mbele akamchomekea mti wa panda wa kulazia mtutu. Mjane akaua nguruwe msimu ule mpaka akawa anagawa nyama kwa wale waliomcheka, na anagawa anawataja kwa majina.

Na mvuvi mmoja ambaye mamba alikuwa amemwachia mkono mmoja. Huyo alimfundisha kupiga amekaa, goti limeinuka, mtutu juu ya goti, baruti kidogo kuliko hata ya mjane. Yule bwana akawa anatisha viboko. Kiboko hafi kwa gobori, msije mkadanganywa. Kiboko anachukizwa tu, anaona mahali hapa hapana heshima, anahama.

Mimi siri niliijua kwa sababu nilikuwa namchimbia udongo na kumbebea vyungu mpaka mtumbwini. Nilikuwa mlinzi wa shamba kama wengine, nimeoa karibuni, nina maneno mengi. Siku moja nikamkuta anasugua maganda ya mgomba, na kikombe cha Jumbe kimelala ubavu, nikachungulia ndani. Nikaona lile tako nene. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Akaniambia, "Ukimaliza kucheka, fikiri. Hili likijulikana nalala wapi?"

Nikaapa. Halafu nikamuuliza, "Juba, na langu mimi je?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Wewe si unajua siri? Wewe nakuwekea ya kweli."

Basi! Kuanzia siku ile nilitembea nikiwa mwanaume wa pekee kati ya ziwa na milima. Nikiwaona wenzangu wanajisifu vidole vyao nawahurumia. Nikipiga gobori, teke lile likinigusa begani, nasema moyoni, ndiyo, hili ni la kweli hili.

Mambo yakaharibiwa na askari wa zamani. Alishuka kutoka Boma, kazi imekwisha, mkanda wa shaba ameubakiza kiunoni na sauti ya kuamrisha ameibakiza kooni. Akamwona Juba anashindilia, akacheka. "Mwanamke anashindilia bunduki? Hapa kweli mmelala." Jumbe akaona haya. Askari akasema, "Bwana Jumbe, kesho nikushindilie mimi, vidole vinane vya serikali, upige mbele ya watu waone."

Sasa mnajua mila yetu. Mke wa mwanao hakuoni wewe baba mkwe wala wewe humwoni. Ukipita njiani anaingia majanini, anajifunika, hata jina lako halitaji. Siku ile watu wote walikuja uani kwa Jumbe kutazama, na wakwe zake, wake za wanawe, nao walitaka kusikia. Wakajificha nyuma ya uzio wa majani ya migomba, wamekaa kimya, wamejifunika, wanamenya ndizi. Walidhani hapo wako salama kuliko mahali popote duniani.

Juba alikuwa amesimama pembeni. Alipoona askari anamimina baruti, anamimina, anamimina, akamwendea Jumbe. "Tata, usipige hilo."

Askari akadakia, "Anaogopa kazi yake imekwisha!"

"Tata, nakuomba."

"Niache, mama," Jumbe akasema. "Vidole vinane ni vyangu miaka yote."

Akalenga kibuyu juu ya kichuguu. Akavuta.

Mimi nawaambia nilichokiona. Radi ilitoka chini ikaenda juu. Samaki waliruka ziwani. Kibuyu kilibaki salama, nadhani kipo mpaka leo. Lakini Jumbe hakuwepo. Lilibaki wingu jeupe na kofia yake inazunguka chini peke yake. Halafu tukasikia uzio, kraaa, halafu tukasikia makelele ya wanawake kama kuku walioingiliwa na kicheche. Jumbe alikuwa amepaa kinyumenyume, ametoboa uzio, ametua katikati ya wakwe zake wote, miguu juu, mmoja amempakata kichwa na beseni la ndizi.

Wakakimbia kila upande wamejifunika nguo usoni, mmoja akaingia ziwani, mmoja mpaka jioni alikuwa bado juu ya mti. Sisi tuligeuka wote tukatazama milima. Hakuna aliyecheka. Nilijing'ata ulimi mpaka leo una alama.

Kesho yake tukaitwa uani kwa Juba. Jumbe amekaa, bega limefungwa majani, limevimba kama tikiti. Juba amesimamishwa mbele. Askari ndiye aliyesema, "Nimevikagua vikombe vyake. Matako matupu! Mwanamke huyu amewalisha magobori yenu maganda ya mgomba. Na baruti iliyobaki iko wapi? Anaiuza ng'ambo ya mto Songwe!"

Jumbe akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya, "Mama, kama ungenizoesha ya kweli, bega langu lingejua. Wewe ndiye uliyenitupa kwa wakwe zangu. Mtumbwi wako uko tayari?"

Nilimwona yule mama mdogo, mikono ina udongo, na nyuma yake migomba yake ile imezaa.

Hakulia wala hakupiga magoti. Akaingia ndani, akatoka na chungu, akaweka chini. Akarudi, akatoka na kingine. Na kingine. Vyote vya baruti, vimezibwa nta, vimejaa. Akasema, "Iliyobaki ni hii. Mvua ikinyesha mwaka mzima na Boma likitunyima, bado mtalinda mpunga."

Askari akabonyeza nta ya kimoja kwa kidole.

Halafu Juba akachukua gobori la Jumbe, akalishindilia palepale, baruti tupu, hakuna manyoya ya mgomba hata chembe, kwa mikono polepole kila mtu anaona. Akauchomeka mdeki. Vidole vinane. Akaliinua kwa mikono miwili.

"Nimewadanganya, kweli. Kuanzia leo sidanganyi. Anayetaka ya kweli aje alichukue. Njoo, mwanangu askari, ulete bega lako."

Askari akakumbuka kwamba bega lake lilijeruhiwa vitani. Vita gani, hakusema.

"Haya, baba zangu?"

Aisee! Mmoja akatazama mawingu, akasema kama mvua itanyesha. Mmoja akasema ameacha mbuzi hajafungwa, akaondoka, na mtu yule hajawahi kuwa na mbuzi. Yule mzee wa gobori lililoshiba akawa kiziwi ghafla. Mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya nguzo, siyo kwa kuogopa, kwa jua.

Mjane ndiye aliyesimama. "Mimi langu vidole viwili," akasema, "na nyama zangu mmekula wote. Mama huyu akipanda mtumbwi, nani atabaki hapa anayeweza kupiga na kesho akalima?"

Macho yote kwa Jumbe. Jumbe akalitazama gobori lile, akalitazama bega lake. Akakohoa.

"Mama," akasema, "limwage hilo. Unishindilie kama ulivyozoea." Halafu akainua sauti mpaka ziwani, "Vidole vinane!"

"Vinane, tata!" Juba akaitikia.

"Na mimi sita, juba!" mwingine akadakia.

"Saba mimi!"

Tukamaliza hivyo. Tangu siku hiyo kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Tukizidi kutaja vidole kwa sauti, yeye anazidi kusugua maganda. Jumbe akaomba na yeye afungiwe kata kitakoni, ila iwe na kipande cha ngozi ya chui juu, na akisimulia alikuwa anasema ni zawadi ya ushujaa. Na wakwe zake, mambo yalitengenezwa kwa ng'ombe, tusirudie.

Mara ya mwisho kuonana naye kwa mazungumzo ya maana, Mjerumani alikuwa ameshafunga mizigo yake. Vita vimepita kwetu, magobori yote yamechukuliwa, baruti imechukuliwa hadi na vyungu vyake. Nikawa nafikiri njiani, sasa huyu mama hana kazi ya Jumbe tena, makubaliano yamekwisha, watamwambia nini? Nikamkuta amekaa palepale kando ya ziwa, ameanza kutoona vizuri, anafinyanga kwa kupapasa. Migomba imezaa mpaka imeegemea nguzo. Pembeni yake kuna mkungu umekatwa, ameuleta mtoto wa Jumbe asubuhi, pamoja na kuni.

"Ugonile, juba."

"Ndaga. Sauti hiyo naijua, ndiyo inayochimba udongo mchache na maneno mengi. Kaa."

Nikakaa. "Wamekuambia nini kuhusu kiwanja?"

"Jumbe alikuja mwenyewe. Akasema, 'Mama, gobori hakuna, lakini mimi bega langu bado liko.' Akaondoka. Basi niko."

Nikafurahi mpaka nikaanza kujisifu, ndivyo nilivyo. Nikamwambia, "Juba, kwa kweli tulikuwa wawili tu tunaojua mambo tangu mwanzo. Wale wengine na manyoya yao ya mgomba, mimi na baruti yangu ya kweli."

Akaacha kufinyanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani kikohozi, kumbe anacheka.

"Juba? Langu lilikuwa la kweli, si ndiyo?"

"Mwanangu. Lako lilikuwa chini ya la mjane."

"Chini ya la mjane!"

"Chini ya la yule wa mkono mmoja."

"Kwa nini, jamani?"

"Siku ya kwanza ulifumba macho kabla sijakukabidhi gobori."

Nilikaa nikitazama ziwa. Nikawahesabu nguruwe wangu moyoni, wale wakubwa, yule mwenye meno kama mundu niliyemwita Bwana Boma, na mafungu ya nyama nyumbani kwangu, na mke wangu akinisifu kwa majirani.

"Sasa wale nguruwe wote, juba," nikasema, "niliwaua na nini?"

Akachukua donge la udongo, akarudi kwenye chungu chake.

"Waulize," akasema, "kama kuna aliyelalamika."